DSLR kwa Mpiga Picha wa Ridhaa: Nani Anunue, Nani Aache

Katika makabati ya vioo ya maduka ya kamera, Kariakoo na pia katikati ya jiji la Nairobi, siku hizi utakuta DSLR zilizotumika zimepangwa kwa wingi. Nyingi zilikuwa za wapiga picha wa harusi na wa magazeti, ambao wamehamia kamera za kizazi kipya na kuuza walizokuwa nazo. Ndiyo maana mwalimu, muuguzi au mwanafunzi wa chuo anaweza leo kununua, kwa bei ya simu ya daraja la kati, kamera ambayo miaka kumi iliyopita ilikuwa ikimlisha mtu na familia yake. Kishawishi ni kikubwa na maneno ya muuzaji ni matamu. Lakini mnunuzi huyo tayari ana kamera mfukoni, ndani ya simu yake, na kamera hiyo si mbaya hata kidogo.

Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime njiani. DSLR inamfaa mtu anayeweza kutaja picha aliyoikosa kwa simu yake na akaeleza kwa nini aliikosa. Mtu huyo akiipata iliyotumika kwa bei nzuri, akaipa lenzi inayostahili, atafurahi nayo kwa miaka mingi. Asiyeweza kuitaja picha hiyo hana shida ambayo kamera itaitatua, na fedha zake zina kazi nyingine.

Kifaa chenyewe kwanza. Ndani ya DSLR, nyuma ya lenzi, kuna kioo kilicholala kwa mshazari. Mwanga ukiingia, kioo huurusha juu, ukageuzwa mara kadhaa na kulifikia jicho la mpiga picha kupitia kitundu cha kuchungulia. Anachokiona ni mandhari yenyewe, wala si video yake. Akibonyeza kitufe, kioo huinuka, shata hufunguka, mwanga hukiangukia kihisi, kisha kioo hurudi mahali pake. Mlio ule ambao watu huuhusisha na kamera ya maana ni wa kioo na shata vikifanya kazi hiyo.

Kodak ndiyo iliyotoa DSLR ya kwanza ya biashara mwaka 1991, DCS 100, iliyojengwa juu ya bodi ya Nikon F3. Ilikuwa na megapikseli 1.3, na picha zake zilihifadhiwa katika kisanduku cha pembeni kilichovaliwa begani. Mwaka 1999 Nikon ilileta D1 yenye megapikseli 2.7. Kwa mtu wa ridhaa, mlango ulifunguka mwaka 2003, Canon ilipouza EOS 300D kwa chini ya dola 1,000. Kuanzia hapo soko lilipanda mpaka mwaka 2012, ambapo watengenezaji wa Japani walisafirisha zaidi ya kamera milioni 16 za aina hii kwa mwaka mmoja. Mwaka 2023 idadi ilikuwa takriban milioni 1.2. Simu ilichukua wapigaji wa kawaida, na kamera zisizo na kioo zikawachukua wa kazi.

Hilo halimaanishi kwamba DSLR imekuwa mbaya. Picha iliyotoka vizuri mwaka 2012 inatoka vizuri leo kwa kamera ileile. Kilichobadilika ni mshindani wake, na mshindani huyo ni lazima aelezwe kwa haki.

Simu ya leo hufanya mambo ambayo DSLR haiyafanyi. Ukibonyeza mara moja, hupiga picha kadhaa kwa mfululizo na kuziunganisha, ikichukua mbingu kutoka kwenye moja na kivuli cha barazani kutoka kwenye nyingine. Ndiyo maana picha ya mchana ya ufukweni Bagamoyo, yenye jua kali na watu waliokaa chini ya mwembe, hutoka sawasawa kwa simu bila mpigaji kufikiri lolote, ilhali DSLR iliyoachwa ijiamulie yenyewe itaunguza anga au itazamisha nyuso gizani. Simu iko mkononi mtoto anapopiga hatua yake ya kwanza, na picha inamfikia bibi yake Tanga kabla ya chakula cha jioni. Na mahali picha nyingi za familia zinapoishia ni WhatsApp, ambayo huzipunguza ubora zinapopita. Hata baada ya chaguo la HD kuongezwa mwaka 2023, mpokeaji mwenye kioo cha inchi sita hatatambua kama picha ilitoka kwenye simu au kwenye kamera ya mamilioni. Anayepiga picha za chakula, za wageni sebuleni na za mahafali mchana hana haja ya kusoma zaidi ya hapa. Simu yake inatosha.

Wengine wana picha nne zinazowakwepa: ya mbali, ya kinachokwenda, ya gizani, na ya uso.

Ya mbali inaelezeka kwa urahisi. Simu nyingi hazina lenzi ya mbali kabisa. Zile ghali zenye lenzi ya kukuza mara tano hufikia takriban kipimo ambacho wapiga picha wangekiita milimita 120. Lenzi ya 70-300 juu ya Nikon yenye kihisi cha APS-C, kipimo cha DSLR nyingi za bei nafuu, ina mvuto sawa na wa milimita 450. Atakayekwenda Mikumi akataka twiga aliye ng'ambo ya mbuga, au anayependa ndege wa mikokoni, hatapata kitu kwa simu. Ukivuta picha kwa vidole kwenye kioo cha simu unapanua tu madoa yaliyokwisha kuingia. Hapa DSLR inashinda bila ubishi, na mpenzi wa wanyama na ndege anaweza kununua bila kusita.

Kinachokwenda ni vilevile. Mtoto anayekimbia anahitaji shata ya sehemu moja ya mia tano ya sekunde, na mpira wa miguu unataka zaidi. DSLR hata ya bei ndogo inakupa uhuru wa kuchagua kasi hiyo, na hupiga mara tu kidole kinapogusa. Simu hujiamulia, na kwenye mwanga hafifu huchagua kasi ndogo.

Gizani ndiko wauzaji wanakowapotosha wanunuzi, na ndiko hesabu inakohitajika. Muuzaji atakuambia kwamba kihisi cha DSLR ni kikubwa, kwa hiyo kinameza mwanga zaidi. Hilo ni kweli. Kihisi cha APS-C cha Canon kina milimita 22.3 kwa 14.9, yaani eneo la milimita za mraba kama 332. Kihisi kikubwa cha simu ghali kina kama 75, na cha simu za kawaida mara nyingi hakifiki hata 35. Kwa hiyo kamera ina eneo mara nne hadi mara kumi, au hata zaidi.

Asichokuambia muuzaji ni kuhusu lenzi. Lenzi ya simu kwa kawaida ina tundu la f/1.8 au karibu na hapo. Lenzi inayouzwa pamoja na kamera ya bei nafuu, ile ya 18-55, ukiivuta mpaka mwisho tundu lake ni f/5.6. Kwa kila milimita ya mraba, tundu la f/1.8 linapitisha mwanga karibu mara kumi ya lile la f/5.6. Ukilinganisha na simu ghali, faida yote ya kihisi kikubwa imeliwa na lenzi, na bado simu inaunganisha picha kadhaa huku kamera yako ikipiga moja. Hii ndiyo siri ya masikitiko ya watu wengi walionunua DSLR, wakaipeleka kwenye send-off ya dada yao ukumbini, wakarudi na picha za rangi ya kahawia zilizotikisika, kisha wakaona simu ya binamu imetoa nzuri zaidi. Mfukoni walikuwa na fedha za lenzi, lakini walizimalizia kwenye bodi.

Dawa yake haigharimu sana. Canon walitoa EF 50mm f/1.8 STM mwaka 2015 kwa dola 125, na iliyotumika hupatikana kwa chini ya hapo. Nikon wana 50 yao ya f/1.8, na pia 35 ya f/1.8 iliyotengenezwa kwa ajili ya kihisi cha APS-C. Lenzi hizi hazina zumu. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, unamsogelea. Lakini sasa tundu ni sawa na la simu na kihisi ni kikubwa mara kadhaa, kwa hiyo faida yote inabaki kwako. Bibi harusi anayecheza chini ya taa za ukumbi anakaa kwenye picha, na nyuma yake mapambo yanayeyuka kuwa rangi laini. Simu huiga uyeyushaji huo kwa programu, na mara nyingi hukosea kwenye nywele zilizosukwa, ukingo wa kilemba na pindo la mtandio. Lenzi haikosei hapo, kwa sababu haibahatishi ukingo uko wapi.

Nimesema picha ya nne ni ya uso, na hapa nitakaa kwa muda kwa sababu inatuhusu sisi zaidi kuliko wengi walioandika vitabu vya upigaji picha. Kipima-mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Kimefundishwa kudhani kwamba kila mandhari, kwa wastani, ni ya kijivu cha katikati. Mweke bwana harusi mwenye ngozi nyeusi ndani ya kanzu nyeupe mbele ya ukuta mweupe wa Mji Mkongwe: kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga ili weupe uwe kijivu, na uso unapotea. Mpige bibi mweusi aliyejifunika kaniki, ameketi kwenye kivuli: kamera inaona weusi mwingi, inaongeza mwanga, na ngozi yake inatoka imepauka kama iliyopakwa vumbi. Makosa haya mawili yamejaa katika albamu za familia zetu.

Yana historia pia. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kadi za mfano zenye picha ya mwanamke mzungu, na ngozi yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa sahihi. Watengenezaji wa simu wamejaribu kusahihisha jambo hilo. Tecno ilijijengea jina barani Afrika kwa sehemu kutokana na kamera zilizorekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi, na Google ilileta Real Tone katika Pixel 6 mwaka 2021. Ni hatua za kweli, na mwenye simu nzuri anaona tofauti. Hata hivyo simu bado inakuamulia, na tabia ya simu nyingi ni kulainisha na kung'arisha. Mama mwenye makunyanzi ya miaka sabini anatoka kama msichana, na weusi wake unapungua bila yeye kuombwa ruhusa.

DSLR inakuachia uamuzi. Kuna kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Kwa kanzu nyeupe unajumlisha, kwa kivuli na nguo nyeusi unatoa, na baada ya wiki chache mkono unazoea. Ukihifadhi faili la RAW badala ya JPEG, unabaki na ngazi 4,096 au 16,384 za mwanga kwa kila rangi badala ya 256, kwa hiyo weusi wenye wekundu wa mtu wa pwani na weusi wenye ubuluu wa mtu wa kaskazini mwa Kenya vinaweza kubaki kila kimoja na heshima yake. Baadhi ya simu nazo zinatoa RAW, lakini kutoka kwenye kihisi kidogo. Mtu anayetaka kujifunza kupiga nyuso za watu wake kama zilivyo ana sababu nzuri kuliko zote ya kununua DSLR, na ningemtia moyo hata kama hana mpango wa kuuza picha moja.

Wapo waliotutangulia katika kazi hiyo kwa vifaa duni mno kuliko vilivyo kabatini leo. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio huko Zanzibar mwaka 1930. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, na Lamu alikuwako Omar Said Bakor. Hawakuwa na fokasi ya otomatiki, wala kioo cha kuonyesha picha papo hapo. Walijua mwanga wa chumba chao na walimjua aliyeketi mbele yao. Mohamed Amin, aliyepiga filamu ya njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ikaitikisa dunia, alianza utotoni jijini Dar es Salaam na Box Brownie, kamera ya kisanduku isiyo na mipangilio ya maana. Nawataja kwa sababu mnunuzi wa ridhaa huogopeshwa sana na namba: megapikseli ngapi, picha ngapi kwa sekunde, ISO ya juu kiasi gani. Kuchapisha picha safi ya ukubwa wa A4 kunahitaji megapikseli zisizofika tisa. Nikon D90 ya mwaka 2008 ina 12. Bodi karibu yoyote utakayoikuta dukani inatosha, na anayekusukuma ununue ya juu zaidi anafikiria faida yake.

Gharama haziishii kwenye bodi na lenzi. Kadi ya kumbukumbu na betri ya pili ni lazima. Faili moja la RAW la megapikseli 24 huchukua takriban MB 25 hadi 30, kwa hiyo utahitaji mahali pa kuhifadhi nje ya kompyuta, na kompyuta yenyewe lazima iwepo. Mtu asiye na kompyuta kabisa atatumia nusu tu ya uwezo wa DSLR, na kwake ningeshauri asubiri. Programu za kusafishia picha si kikwazo: Lightroom hulipiwa kila mwezi, lakini darktable na RawTherapee ni za bure na zinafanya kazi vizuri. Zaidi ya vyote kuna muda. Picha mia tatu za shughuli ya Jumamosi zinahitaji jioni nzima ya kuchagua na kurekebisha, na usipokuwa tayari kwa hilo zitakaa kwenye kadi mpaka kadi iharibike.

Swali linalofuata ni kwa nini mtu anunue DSLR na si kamera isiyo na kioo, wakati kampuni zenyewe zimeiacha. Na kweli zimeiacha. DSLR za mwisho za Canon, EOS 850D na 1D X Mark III, zilitoka mwaka 2020, mwaka uleule wa D780 na D6 za Nikon. Pentax pekee ndiyo iliyoendelea kutoa mpya baada ya hapo, na kwetu Pentax ni adimu. Kamera zisizo na kioo ni nyepesi, zinakuonyesha mwanga wa picha kabla hujabonyeza, na fokasi yake hulishika jicho la mtu na kulifuata. Kwa video hazina mpinzani, maana DSLR inaporekodi hulazimika kuinua kioo, na nyingi za zamani hufokasi kwa kusitasita zikiwa hivyo. Kijana anayetaka kutengeneza video za YouTube asinunue DSLR. Hata ikiwa nusu bei, itamchosha.

Kwa picha za mnato mambo ni tofauti. Kufa kwa mfumo ndiko kulikoshusha bei, na mtu wa ridhaa hana haja na mfumo unaokua kila mwaka. Mlango wa lenzi wa Nikon ni wa mwaka 1959 na wa EF wa Canon ni wa 1987, kwa hiyo lenzi zilizotumika ni nyingi mno. Ukija kuhamia isiyo na kioo baadaye, lenzi za EF hufanya kazi vizuri kupitia adapta ya Canon. Za Nikon pia zina adapta, ingawa zile zisizo na mota ndani zitapoteza fokasi ya otomatiki. Halafu kuna umeme. Nikon D3500 ya mwaka 2018 hupiga picha 1,550 kwa chaji moja kwa kipimo cha watengenezaji, kwa kuwa kuchungulia kupitia kioo hakuli betri. Canon M50 isiyo na kioo, ya mwaka uleule, hupiga 235. Anayesafiri kijijini siku nne mahali umeme unapokuja na kuondoka anajua tofauti hiyo ina maana gani.

Ukiamua kununua iliyotumika, usiende dukani mikono mitupu. Nenda na kadi yako na, kama una rafiki anayepiga picha, nenda naye. Shata ina umri: kamera za bei nafuu hukadiriwa kufikia mibonyezo kama 100,000, na za wataalamu 200,000 au zaidi. Nikon huandika idadi hiyo ndani ya faili la picha, kwa hiyo piga moja dukani uisome kwenye kompyuta. Canon kwa kawaida haiandiki, na utahitaji programu maalumu. Kamera ya mpiga picha wa harusi iliyouzwa baada ya misimu mitano inaweza kung'aa nje huku ndani imechoka. Piga picha ya ukuta mweupe kwa tundu dogo la f/16 uone madoa ya vumbi kwenye kihisi. Mengi husafishika, lakini mkwaruzo hausafishiki.

Kisha tazama lenzi. Ielekeze kwenye mwanga, fungua tundu lote, uchungulie ndani kwa mshazari. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando, hiyo ni kuvu, na lenzi hiyo usiinunue hata kwa punguzo. Kuvu ni adui mkubwa wa kamera katika pwani yote kutoka Lamu hadi Mtwara. Hukua unyevu ukikaa juu ya asilimia 60 au 65, yaani karibu mwaka mzima kwa mkazi wa Zanzibar au Mombasa. Mfuko wa ngozi uliofungwa ndani ya kabati la nguo ndio nyumba ambayo kuvu huipenda. Hifadhi kamera kwenye kisanduku cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika jeli ambavyo unavikausha mara kwa mara, na zaidi ya yote itumie. Dodoma na Marsabit hofu ni vumbi: usibadilishe lenzi kwenye upepo.

Mitego miwili ya kiufundi huwanasa wengi. Nikon za mfululizo wa D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi kwenye bodi. Ukizifunga lenzi za zamani za AF zisizo na mota, utafokasi kwa mkono, kwa hiyo tafuta zilizoandikwa AF-S au AF-P, au nunua bodi kama D90 au D7000. Kwa upande wa Canon, EOS 250D haina ile pini ya katikati inayowasha flashi za kampuni nyingine, na anayetegemea flashi ya bei nafuu ya Kichina ataambulia kuitazama ikikaa kimya.

Kuna pia uzito wa kamera kubwa machoni pa watu. Simu ikiinuliwa sokoni hakuna anayegeuka, lakini DSLR ikiinuliwa watu wanauliza wewe ni nani, picha zinaenda wapi, na wengine wanadai fedha. Wana haki ya kuuliza. Kwa wageni wa miji yetu wanaopiga nyuso za watoto na wavuvi bila salamu, subira ya watu imekwisha. Salimia kwanza, omba, na ukikataliwa ondoka. Mtu wa ridhaa anayekaa mtaa mmoja, akawachapia majirani picha zao na kuwapa, atafunguliwa milango ambayo mpita njia hataiona. Usiielekeze kamera kwenye kambi za jeshi, vituo vya polisi, bandari na vivuko. Sheria za Tanzania na Kenya zinayalinda maeneo ya namna hii, na kamera kubwa itakuletea maswali ambayo simu isingekuletea. Hifadhini, anayepiga picha zake binafsi haombi kibali, anayepiga kwa biashara anaomba. Na wizi upo: begi lisilo na jina la kampuni ya kamera ni salama kuliko lile linalotangaza kilichomo.

Nikiyaweka pamoja, ningemwambia mpenzi wa ndege na wanyama anunue leo, bodi ya bei ndogo na lenzi ya 70-300. Anayetaka kujifunza nyuso na mwanga anunue bodi yoyote nzima ya baada ya mwaka 2010 pamoja na 50 au 35 ya f/1.8, na aiache ile 18-55 dukani kama bei itashuka. Anayetaka video asubiri, adunduize, anunue isiyo na kioo. Anayetaka kamera kwa sababu rafiki zake wanayo, au kwa sababu picha zake za simu hazivutii na hajui kwa nini, abaki na simu mwaka mmoja zaidi, ajifunze kusogea karibu, kumgeuza mtu auelekee mwanga wa dirishani, na kufuta lenzi kabla ya kupiga.

Na yeyote bado mwenye shaka asinunue kwanza, akodi. Dar es Salaam na Nairobi wapo wanaokodisha bodi na lenzi kwa siku. Chukua Ijumaa jioni, ipeleke kwenye shughuli uliyokuwa uihudhurie hata hivyo, rudisha Jumapili, kisha keti ufungue picha zote kwenye kioo kikubwa kando ya zile za simu yako. Kama hamu ya kurudi kuichukua itakuwepo bado mwisho wa mwezi, nenda kanunue.